Nilitikisa Diski Kama Nazi, Nikamwachia Fundi Lawama

Siku ile barazani kwangu tulikuwa wanne. Alikuwepo Rehema, mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu Athumani, niliyemlea mwenyewe tangu ana miaka sita. Alikuwepo Selemani, fundi kompyuta mwenye meza yake Mapinga, aliyesoma na Rehema chuo kimoja. Alikuwepo Bi Tatu, jirani yangu ukuta kwa ukuta, tuliyeuza naye nazi sokoni hapa Bagamoyo mpaka magoti yakatukatalia. Wa nne ni mimi. Jina langu mniwie radhi, silitaji. Uso wa kulitaja bado sijaupata.

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msije mkaanza kumtafuta mwingine humu ndani, maana nilishamtafuta mimi, nikampata, na hakuwa na hatia.

Shule niliishia darasa la nne. Nikikosea kuandika mnisamehe hilo, maana hili kubwa sijui kama linasameheka.

Rehema anapenda gemu tangu mdogo. Mtoto wa kike na gemu, nilisema mpaka nikachoka. Lakini huyu hakuishia kucheza za wenzake. Alikuwa anatengeneza gemu yake mwenyewe, mwaka wa pili huo, na ndani yake aliuweka mji wetu. Vichochoro vyetu vimo, milango ya nakshi imo, mnada wa samaki umo. Unakimbia na ndoo ya samaki usichelewe, na njiani kuna kila aina ya watu wa kukuzuia.

Kwenye kona moja kuna bibi anauza nazi. Ukimpunja, anakufukuza na kifumbu.

Bibi yule ni mimi! Hata kicheko ni changu, alinirekodi kwa simu siku namcheka Bi Tatu alipokalia ungo wa dagaa. Nilijiona kwenye kioo cha kompyuta, nimevaa kanga yangu ya kijani, nikamwambia Rehema umeninenepesha. Akasema, "Bibi, huyo ni wewe wa zamani." Nikafurahi siku nzima.

Kompyuta yake ya zamani, ile ya kukunja, ilikuwa imechoka. Ikawa inazimika yenyewe kama mgonjwa anayezirai. Akaamua kuunda nyingine ya kuungaunga, inayoweza kubeba gemu, kwa uwezo wake mdogo. Kasha alilipata kwa mtu aliyekuwa anahama. Kioo cha mtumba. Kila mwezi analeta kipande, anakifuta vumbi, anakiweka kabatini karibu na vikombe vyangu vya wageni.

Kikabaki kitu kimoja, pa kuhifadhia. Selemani alinieleza kwa upole kwamba kompyuta nayo ina ghala lake. Kila unachotengeneza kinakaa humo, na ghala likiwa baya, mashine yote ni bure. Nikasema basi, ghala nanunua mimi bibi yake.

Hapo ndipo nilipopata mdomo.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Selemani akaja na vitu viwili kwenye mfuko, akaviweka mbele yangu kwa kuwa mimi ndiye mnunuzi. Kimoja kidogo, chepesi, hata ukikiweka kiganjani hukisikii. Cha pili kikubwa, cha chuma, kizito kama kufuli la duka.

"Bibi, hiki kidogo wanakiita esesidi," akasema. "Ndani hakuna kinachozunguka. Ukiwasha tu, gemu imefunguka. Hiki kikubwa ni diski ya kuzunguka, imeshatumika na mtu. Inabeba vingi, ila ni ya polepole. Kama tungeweza kuweka vyote viwili, tungeweka, kidogo cha kuwashia na kikubwa cha kuhifadhia. Kama ni kimoja, mimi ningechukua kidogo."

Sasa mimi nimeuza nazi miaka arobaini. Nazi hainunuliwi kwa macho. Unaipima kwa mkono kwanza, nzito au nyepesi. Kisha unaiweka sikioni unaitikisa. Maji yakicheza ndani, ni nzima. Ikiwa kimya, iache hapo hapo, mwenye nazi aapie atakavyo.

Nikakichukua kile kidogo. Chepesi. Nikakitikisa sikioni. Kimya.

"Mume wangu," nikamwambia Selemani, maana ndivyo nilivyokuwa namtania, "yaani unataka kuniuzia kibiriti kisicho na njiti?"

Bi Tatu alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Nikachukua kile kikubwa. Kilijaa mkononi, kama nazi iliyokomaa. Nikasema hiki ndicho. Rehema akaninong'oneza, "Bibi, hizi si nazi." Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Mwenye kununua nani?"

Rehema akamtazama Selemani. Selemani akatazama vidole vyake vya miguu. Akasema, "Sawa, Bibi." Kwetu kijana mwenye adabu habishani na bibi wa watu barazani kwake, nami nilijua hilo, na nililitumia.

Basi kazi ikaanza. Selemani akaitoa diski ya kwenye ile kompyuta ya zamani, ndiyo iliyokuwa na gemu ya Rehema yote. Akailaza mezani juu ya kitambaa, akailaza na ile nzito niliyochagua pembeni yake, akaziunga zote kwa nyaya kwenye kompyuta mpya. Vitu vikawa vinahama kutoka huku kwenda huku. Kwenye kioo pakatokea ukanda wa kijani unaosogea taratibu.

Selemani akasema, "Zisiguswe. Hii ya zamani hasa. Imechoka, na sasa hivi ndani inazunguka. Haitaki kutikiswa." Nadhani alisema mara mbili.

Ikaadhiniwa Alasiri. Selemani akavaa viatu akaenda msikitini. Rehema akaingia ndani kutawadha. Mimi siku hizi nasali nimekaa kitini, nikasema nitafuata. Tukabaki mimi na Bi Tatu na zile diski mbili mezani.

Jamani, nisikilizeni vizuri hapa.

Ule ukanda wa kijani sikuuelewa. Nikawaza, kama mzigo kweli unahama, basi huku utapungua na huku utaongezeka. Ile ya zamani itakuwa nyepesi, hii mpya itazidi kuwa nzito. Si ndivyo ilivyo? Ukihamisha nazi kutoka kapu hili kwenda lile? Nikataka kujua kama kijana wa watu anatufanyia kazi kweli au anatuonyesha rangi.

Nikanyoosha mikono, nikaziinua zote mbili, moja huku na moja huku, nipime.

Sikuona tofauti. Ila ile ya zamani ilikuwa inatetemeka kiganjani, kama kifaranga. Na mkono wangu, kwa mazoea ya miaka yote ile, ukaipeleka sikioni. Nikaitikisa. Mara tatu, kama tunavyotikisa.

Ikalia ka. Ka. Ka. Ka.

Ukanda wa kijani ukasimama.

Nikairudisha pale ilipokuwa. Hata kitambaa nikakinyoosha! Mtu asiyejua alichofanya hanyooshi kitambaa. Kwa hiyo msije mkanitetea kwamba mzee hakujua.

Selemani alirudi akiwa na furaha zake, akavua kiatu kimoja, kisha akausikia ule mlio. Akasimama hivyo hivyo, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna.

"Bibi, kuna aliyegusa?"

Nikamwambia, "Nani aguse? Tumekaa hapa mimi na Bi Tatu."

Bi Tatu akaendelea kupepeta. Selemani akaiinua ile diski, akaigeuza, akaisogeza karibu na uso wake, akaifuta na pindo la shati. Mimi nikadhani anafuta vumbi.

Rehema akatoka na kanga yake ya kusalia bado kichwani. Sitaki kuandika alivyokuwa. Walijaribu, wakazima, wakawasha, wakachomoa, wakachomeka. Ilichotoa ni ule mlio tu, na vilivyokwisha kuhamia kwenye ile nzito vilikuwa vipande visivyofunguka. Kwingine alikuwa na nakala moja, kwenye flashi, ya zamani sana: vichochoro vitupu visivyo na mtu hata mmoja.

Akamgeukia Selemani. "Si wewe uliyeiacha wazi mezani? Si wewe fundi?"

Selemani akasema, "Ndiyo. Mimi niliiacha."

Nami nimekaa pale pale. Mikono ile ile nimeilaza mapajani.

Selemani aliipeleka ile diski Dar es Salaam kwa wanaojua zaidi, akarudi na jibu kwamba ndani imekwaruzwa, haisomeki tena. Rehema akaandika kwenye kundi la vijana wa mambo hayo, wa huku na wa barabara yote ya Mapinga, kwamba fundi Selemani kamuulia kazi ya miaka miwili kwa uzembe. Alitaja jina. Vijana wakasambaza. Wateja wakaanza kuja kuchukua mashine zao kabla hazijatengenezwa. Haukupita muda, ile meza yake Mapinga mtu mwingine anauzia makava ya simu, na Selemani karudi kwao Fukayosi kulima.

Na mimi? Mimi niliongeza chumvi. Kila mgeni aliyekaa barazani nilimsimulia habari za fundi mzembe aliyemliza mjukuu wangu. Nilisimulia vizuri sana. Wengine niliwaambia alikuja na mikono michafu. Mungu wangu! Kijana aliyenawa mkono kwangu kabla hajagusa hata waya.

Nikafika mahali nikamsimulia Bi Tatu mwenyewe, kama vile hakuwepo. Tulikuwa tunakuna nazi, kila mtu na mbuzi yake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema taratibu, hakuinua hata uso:

"Na ulipoiweka sikioni, mwenzangu, ilikwambia nini?"

Nikaacha kukuna.

Nikamuuliza mbona hakusema siku ile. Akasema alikuwa ananisubiri mimi. Akasema, "Nimekusubiri mwezi wa tano huu." Kisha akachukua nazi yangu, akamalizia kuikuna yeye.

Siku ya tatu yake tukapanda gari la Msata, mimi na Bi Tatu, tukashuka Fukayosi. Tuliuliza kwa kina Selemani, tukaonyeshwa. Mama yake anaitwa Bi Hadija. Alipojua mimi ndiye bibi yake Rehema, alipiga magoti. Mbele yangu! Mtu mzima, ana mvi.

Akasema, "Mama, shikamoo. Tusamehe. Mwanangu kaharibu mali ya mjukuu wako, na mimi sijapata nauli ya kuja kuomba radhi." Akaingia ndani akatoka na muhogo, kaufunga vizuri kwa kamba, akasema alikuwa ameuweka tayari kwa siku atakayopata gari.

Niliutazama ule muhogo. Nikatamani kurudi nilikotoka kwa miguu.

Selemani akaja kutoka shambani, mikono ina udongo. Akaniamkia kama zamani. Nikamwita akae, na mama yake akae, na Bi Tatu awepo. Nikasema yote. Mizani yangu ya mikono, sikio, mara tatu, kitambaa. Nilisema kama ninavyowaandikia ninyi, sikupunguza.

Selemani akasema, "Nilijua, Bibi."

"Ulijuaje?"

"Ile diski ilikuwa na mafuta. Na ilikuwa inanukia karafuu."

Magoti yangu nayachua kwa mafuta ya nazi yenye karafuu. Kila siku baada ya chakula cha mchana. Mtaa mzima unajua harufu yangu. Pindo la shati lile, siku ile, lilikuwa linafuta mikono yangu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akachezea udongo wa vidoleni. "Ningesemaje, Bibi? Ulikuwa umeshasema hakuna aliyegusa. Ningekufanya mwongo mbele ya Rehema. Nikasema kazi nitapata nyingine."

Na hakupata.

Mwishowe Bi Hadija akasema, na wala hakusema kwa hasira, ingekuwa afadhali: "Muhogo chukueni tu. Niliufunga kwa kuomba radhi. Sasa sijui niufungue au niuache hivyo hivyo."

Nikauchukua. Ningekataaje? Nimerudi Bagamoyo na muhogo wa radhi wa mama niliyemuonea mwanawe, nimeupakata njia nzima.

Rehema nilimwambia siku ile ile, kabla sijavua hata baibui. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu. "Bibi, wakati namwambia Selemani yale maneno, ulikuwa umekaa pale?"

Nikasema, "Nilikuwa nimekaa."

Akainuka akaingia ndani.

Aliandika tena kwenye lile kundi, akaeleza ukweli, akamwomba Selemani radhi kwa jina lake. Lakini lile la kwanza lilisambaa kila mahali, na hili la pili watu wamelisoma wakalipita. Alikwenda pia Fukayosi mwenyewe. Walichozungumza sikijui, na sina haki ya kukiuliza. Alirudi na kile kidogo, kile chepesi, kile kibiriti kisicho na njiti. Selemani alikuwa nacho bado, akamwonyesha jinsi ya kukifunga. Ile nzito yangu ilikuwa inachukua muda kuwaka, mimi huku nageuza vitumbua kikaango kizima. Sasa Rehema akibonyeza, kabla sijakaa vizuri kitini kompyuta imeshaamka.

Ameanza gemu upya. Nakala anaweka mahali patatu, na zote hazikai kwangu.

Kila asubuhi ananiamkia, shikamoo Bibi, nami naitikia marahaba. Ananipa chai. Lakini hakai tena barazani tukapiga soga. Juzi alisahau kufunga mlango, nikaona kioo. Vichochoro vimerudi. Mnada umerudi, na ndoo za samaki zimerudi. Nikatafuta ile kona.

Kona ipo. Bibi wa nazi hayupo.

Sijamuuliza. Nitaanzia wapi?

Wazee wenzangu, nawaomba. Tukiletewa kitu tusichokijua, tuwaache wanaokijua wachague, hata kama fedha imetoka kwenye pindo la kanga zetu. Tukiambiwa tusiguse, tusiguse. Na tukishagusa, tuseme pale pale, mlio ukiwa bado unasikika. Nilidhani nalinda heshima yangu. Aliyekuwa anailinda ni kijana wa watu, peke yake, mpaka akapoteza kazi.

Nanyi vijana, vitu vyenu vya thamani msiviache mahali pamoja, hata pakiwa pazito namna gani.

Jina langu nimelificha kwa aibu, lakini lake naliandika wazi: Selemani, fundi kompyuta, aliyekuwa Mapinga, sasa yuko kwao Fukayosi. Kama una mashine imekufa, mpelekee. Hakumuulia mtu kitu chochote.

Nimeyaandika haya kwenye daftari kwa mkono wangu. Nilimpa Rehema ayapige kwenye kompyuta, akayasoma yote amesimama, kisha akaketi akayapiga bila kunibadilishia neno. Yamehifadhiwa ndani ya kile chepesi.

Sasa, mimi ni mtu mzima, na kumbukumbu haikosi tundu. Majina nina hakika nayo. Lakini kama siku ile haikuwa Alhamisi, Bi Tatu nisahihishe. Kama Selemani alisema "zisiguswe" mara tatu na mimi nimeandika mbili, naye anisahihishe. Bi Hadija, kama si magoti uliyopiga, kama uliinama tu na aibu yangu ndiyo iliyokupigisha magoti, nawe sema. Yeyote aliyepita njiani saa ile akaona barazani kwangu kitu nisichokiandika, aandike.

Ila la kuitikisa msihangaike kunisahihisha. Hilo linakumbukwa na mkono.